Fremu ya kaboni iliyoshushwa bei: namna ya kuamua kabla hujatoa pesa

Kibanda changu cha ufundi wa baskeli kiko Magomeni, mjini Unguja, na kila yanapokuja mapunguzo ya bei mtandaoni simu yangu hujaa picha za fremu. Kijana ameiona ya kaboni, bei imekatwa nusu, rangi inang'aa, ananitumia na swali moja tu: "Ami, niichukue?" Kwa picha siwezi kumjibu ndiyo wala hapana. Namrudishia maswali, na maswali hayo ndiyo ninayoyaandika hapa kwa urefu, kwa sababu pesa inayozungumzwa ni ya mtu aliyejinyima muda mrefu, na baskeli ya mbio ikishakosewa fremu hakuna kifaa kitakachoirekebisha.

Msimamo wangu nauweka mbele. Bei iliyopunguzwa ni ya fremu peke yake. Gharama ya kuifanya fremu iwe baskeli inayokwenda, na gharama ya kuitunza kisiwani penye chumvi, mchanga na vipuri vya kuagiza, hizo hakuna aliyekupunguzia. Basi hesabu hufanywa mpaka mwisho wa safari, haiishii kwenye bei iliyopigwa mstari mwekundu.

Kwanza: kwa nini imeshuka?

Muuzaji hashushi bei kwa mapenzi yake. Ipo sababu, na ukiijua umeshapata nusu ya jibu.

Sababu ninayoifurahia zaidi ni breki. Mwaka 2018 shirikisho la baskeli duniani, UCI, liliruhusu rasmi breki za diski katika mashindano ya barabarani, na baada ya hapo makampuni makubwa karibu yote yakahamia huko. Fremu nzuri sana za breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu kwa mpira, zikabaki kwenye maghala, zikaanza kuuzwa kwa bei ya kuondoa mali. Fremu hizo hazikupungua ubora hata chembe, ni mtindo tu uliohama. Na kwa sisi wa visiwani nasema bila kusita kwamba hilo ndilo punguzo la halali. Magurudumu ya breki za rimu utayapata kwenye baskeli za mtumba zinazoshuka na makontena. Mpira wa breki na waya wake anaweza kuubadilisha fundi yeyote chini ya mwembe. Diski za mafuta zina mambo yake: kati ya watengenezaji wa vifaa, Shimano wanatumia mafuta ya madini, SRAM za barabarani kwa miaka mingi zimetumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari, na ukichanganya, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa. Halafu kuna sindano za kujazia, kuna kutoa hewa, kuna mabomba ya kukata kwa kipimo.

Upungufu wa fremu za rimu nao nauona. Nyingi za zamani haziruhusu tairi pana zaidi ya milimita 25, na mvua ya masika ikinyesha breki ya rimu inachelewa kushika. Kwenye tairi nitarudi.

Sababu ya pili ni saizi. Mwisho wa msimu hubaki zile ndogo kabisa na zile kubwa kabisa, 48 na 61, kwa sababu watu wengi wako katikati. Kama wewe kweli ni mtu wa 48, hiyo ni bahati yako. Kama si wako, usijilazimishe.

Ya tatu ni fremu yenye vifaa vya peke yake: nguzo ya kiti yenye umbo la bawa inayoingia kwenye fremu hiyo tu, usukani ambao waya zote zinapita ndani yake, kibanio cha kiti ambacho kampuni imeshaacha kukitengeneza. Bei inashuka kwa sababu muuzaji anajua vipuri vinakaribia kwisha. Kifaa kidogo cha namna hiyo kikivunjika Zanzibar, baskeli nzima inalala.

Ya nne ni ajali. Imeanguka, au imerudishwa na mteja, au imetengenezwa ikapakwa rangi upya. Muuzaji mkweli ataandika. Asiyeandika, utamjua akianza kukwepa ukimwomba picha ya pahala fulani.

Ya tano ni jina la bandia. Fremu yenye jina kubwa la Italia au Marekani, mpya, kwa sehemu ndogo tu ya bei yake. Hapa watu hukosea wakidhani ubaya uko China. Fremu nyingi za kaboni duniani, hata za majina makubwa, hutengenezwa China na Taiwan, na viwanda vya huko vinavyouza kwa jina lao wenyewe vina fremu za kuaminika. Ubaya uko kwenye uongo. Aliyekudanganya jina lililoandikwa nje, huna namna ya kumwamini kuhusu tabaka za ndani ambazo huzioni, na uma wa mbele, ule unaolishika gurudumu, ukikatika kwenye mteremko kitakachovunjika ni meno na shingo yako. Hiyo usiiguse hata kwa bei ya bure.

Saizi hupimwa, haikisiwi

Herufi M ya kampuni moja si M ya kampuni nyengine, na hata namba 54 haina maana moja pahala pote. Kuna vipimo viwili vinavyosema kweli, na makampuni huvitangaza kwa kila fremu: umbali wa mlalo kutoka katikati ya kranki, pale mikono ya pedeli inapozungukia, mpaka katikati ya mdomo wa juu wa shingo, pahala usukani unapoingia, na kimo cha wima baina ya nukta hizohizo mbili.

Ichukue baskeli unayoipanda sasa, ile ambayo mgongo haukuumi ukifika Mahonda. Isimamishe wima, gurudumu la nyuma liguse ukuta. Pima kutoka ukutani mpaka katikati ya kranki, kisha kutoka ukutani mpaka katikati ya mdomo wa shingo. Toa moja kwa nyengine, umepata umbali. Pima kimo kutoka sakafuni kwa nukta hizo mbili, toa, umepata kimo. Linganisha na vya fremu unayoitaka. Tofauti ya milimita 10 hurekebishwa kwa kubadilisha kishikio cha usukani, kile kinachoufunga usukani kwenye shina la uma. Tofauti ya milimita 30 iache, kwa sababu utaishia kupanda kwa shingo iliyokakamaa na mikono iliyokufa ganzi.

Hesabu ya kweli

Hapa ndipo ninapowachosha watu, na sitoacha.

Jua kwanza unanunua nini. Kuna fremu peke yake, na kuna fremu pamoja na uma. Uma wa kaboni ukiununua mbali ni bei nyengine kabisa, na lazima shina lake lilingane na shingo. Fremu nyingi za siku hizi zina shingo inayopanuka, juu inchi 1 na 1/8, chini inchi 1 na 1/2, na zipo zilizofuata vipimo vya pembeni. Uliza pia kama hedseti, yaani beringi za shingoni, imo, kama nguzo ya kiti na kibanio chake vimo, kama ekseli zimo. Ekseli nene za milimita 12 zina uzi wa aina zaidi ya moja, na ya baskeli nyengine inaweza kuingia lakini isishike.

Halafu tizama nyumba ya beringi za pedeli. Muulize muuzaji: ni ya uzi au ya kubana? Ya uzi, upana milimita 68, ndiyo inayojulikana na mafundi wote wa hapa, na upande wa kulia uzi wake unakwenda kinyume, kwa hivyo usimwachie mtu asiyejua aung'ang'anie kwa spana. Vikombe vyake hupatikana, na kuvibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Ya kubana ni tundu tupu ambamo beringi husukumwa kwa kifaa maalumu: tundu la milimita 41 kwa fremu zinazofuata Shimano, 42 au 46 kwa nyengine. Zikiwa mpya na zimetengenezwa kwa usahihi zinakwenda vizuri. Zikiingia mchanga na unyevu wetu zinaanza kulia kila unapokanyaga, na mtu anayezigonga kwa nyundo na kipande cha mti huharibu tundu la kaboni ambalo halirudi tena. Kabla hujakubali, linganisha na kranki uliyonayo. Kranki za Shimano zina mhimili wa milimita 24. Mhimili wa milimita 30 ndani ya tundu la 41 huacha nafasi ndogo, beringi inakuwa nyembamba na inaisha mapema. Kwa tundu la 42 beringi yenyewe ni namba 6806, namba ya kawaida unayoweza kuiulizia kwa wauza beringi wa Kariakoo.

Magurudumu nayo. Fremu ya rimu nyuma ina nafasi ya milimita 130, ekseli nyembamba inayofunguliwa kwa mkono bila spana. Ya diski ya siku hizi ina 142 na ekseli nene ya 12. Gurudumu la moja haliingii kwenye nyengine, na ndugu wengi hugundua hilo fremu ikiwa tayari imo ndani ya nyumba. Vilevile zipo fremu zilizotobolewa kwa gia za umeme tu. Kama gia zako ni za waya, hakuna pa kuupitisha.

Sasa tufanye mfano, na namba zako utazitia mwenyewe. Fremu ya diski ilikuwa shilingi 3,500,000, sasa 1,500,000. Usafiri mpaka Unguja 300,000. Ushuru na kodi, tuseme 500,000. Beringi za pedeli na kuzitia 150,000. Hedseti 100,000. Waya na mabomba yake 80,000. Vishikio viwili vya mkono wa gia, vile vipande vinavyoishika gia ya nyuma kwenye fremu, 70,000. Dawa ya kushikia kaboni 30,000. Umefika 2,730,000, na baskeli bado haijagusa lami. Kama ulikuwa na magurudumu na breki za rimu, ongeza magurudumu ya diski 900,000 na breki pamoja na mikono yake 1,000,000: jumla 4,630,000. Kijana aliyekuja na 1,500,000 mkononi alidhani ameokoa milioni mbili. Fremu hiyohiyo ingekuwa ya rimu, vifaa vyake vya zamani vingehamia moja kwa moja na angebaki kwenye ile 2,730,000 au chini yake.

Kuhusu ushuru, nenda TRA ukaulize kabla hujaagiza, na risiti ya manunuzi iwe ya kweli. Mzigo ulioandikiwa bei ya uongo ukishikwa bandarini Malindi, punguzo lote linaishia hapo.

Ikiwa unaweza kuishika kwa mkono

Fremu ya mtumba, au ya mtu wa Dar aliyechoka nayo, ikague kabla ya bei kutajwa. Unahitaji mwanga wa jua, kitambaa safi chenye maji, tochi, sarafu ya shilingi 200 na subira.

Kaboni ni nyuzi nyembamba zilizolazwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka na mwelekeo wake, kama mikeka iliyobandikwa juu ya mikeka, na gundi ya epoksi ndiyo inayozishika. Chuma kikigongwa hupinda na ukaona. Alumini hubonyea na ukaona. Kaboni inaweza kupigwa, tabaka za ndani zikaachana, na nje rangi ikabaki nzuri. Ndiyo maana jicho peke yake halitoshi.

Ifute yote kwanza, kwa sababu uchafu huficha, na wapo wanaouacha kwa makusudi. Anzia shingoni, pahala bomba la juu na la chini yanapokutana, kwa sababu ajali ya mbele humalizikia hapo. Shuka chini ya bomba la chini, mawe hupiga huko. Zunguka nyumba ya beringi. Tizama bomba jembamba la upande wa mnyororo: mnyororo ukiruka huingia baina ya kranki na fremu na kuchimba kaboni, na wenye kuuza hupenda kufunika pahala hapo kwa stika. Omba stika ibanduliwe. Maliza na kibanio cha kiti, ambacho watu hukikaza kupita kiasi mpaka bomba likapasuka kuanzia kwenye mfereji wake.

Ukikuta mstari, upitishe ukucha. Ukucha ukinasa, na mstari ukawa unafuata upande au una vijinyuzi vyeusi, hesabu ni kaboni yenyewe iliyopasuka. Mstari mwembamba wa duara pahala mabomba yanapoungana unaweza kuwa wa rangi tu, lakini "unaweza" si neno la kulipia pesa. Bonyeza kwa vidole gumba pande zote mbili. Pakinywea au pakitoa sauti ya kukatika, rudisha fremu kwa mwenyewe.

Kisha sarafu. Hivi karibuni kijana wa Kwahani aliniletea fremu ya buluu iliyotoka Dar, nzuri machoni, haina mkwaruzo. Nikaishika kwa nguzo ya kiti ili ining'inie, nikaanza kugonga kwa ukingo wa sarafu, kidogokidogo, kila baada ya upana wa kidole. Bomba la chini lote lilijibu sauti kavu ya juu, ti, ti, ti. Bomba la upande wa kushoto nyuma vilevile. Upande wa kulia, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye ekseli, sauti ikafa: tu, tu. Nikarudi nyuma, ti. Nikasogea mbele, tu. Nikamwita mwenyewe asikilize, nikampa sarafu agonge yeye. Tulipomulika kwa pembeni tukaona rangi ya pahala pale ina ulaini tofauti kidogo na kwengine. Palikuwa pameshafanyiwa kazi. Muuzaji alipoulizwa kwa simu alisema hajui, na kijana akaachana nayo. Ujue lakini kwamba sauti hubadilika yenyewe pahala unene unapobadilika, karibu na maungio, kwa hivyo kila nukta ilinganishe na nukta ileile ya upande wa pili. Tofauti ya kulia na kushoto ndiyo inayosema.

Uma uutoe, usikubali kuukagua ukiwa umefungwa. Tizama shina lake pahala beringi ya chini inapokaa na pahala kishikio cha usukani kinapobana. Ukiona ufa, mkwaruzo mzito au alama ya kubonyea kwenye shina, huo si uma tena.

Na nguzo ya kiti uiombe itolewe mbele yako. Hili kwa Zanzibar lina uzito wake. Mtu mmoja wa Paje aliniletea baskeli ya kaboni yenye nguzo ya alumini, imekaa miezi kwenye baraza inayotizama bahari. Kaboni inapitisha umeme, alumini nayo ni dhaifu mbele yake, na maji ya chumvi yakiingia kati yao alumini inaanza kulika. Kinachotoka ni unga mweupe ambao huvimba na kuibana nguzo ndani ya bomba. Tulipaka mafuta ya kupenya tukaacha usiku kucha, tukajaribu kuizungusha kidogokidogo, haikutikisika. Kuizungusha kwa nguvu kungepasua fremu. Mwisho niliikata nguzo juu, nikaingiza jino la msumeno ndani yake na kuipasua kwa urefu, polepole, nikisimama kila mara kutizama nisije nikagusa kaboni. Ikatoka vipandevipande. Kazi ya siku mbili kwa kitu ambacho kingezuilika kwa kukitoa na kukifuta kila mwezi. Kwa hivyo fremu ya mtumba ambayo nguzo yake haitoki, bei yake hesabu upya au iache.

Ukiwa huwezi kuishika, dai picha za pahala nilipopataja hapo juu, za mchana, bila kichujio, pamoja na namba ya fremu. Kwa namba hiyo utaweza kutafuta kama kampuni iliwahi kuita modeli hiyo irudishwe kwa kasoro, jambo ambalo limetokea khasa kwa uma. Omba na video fupi ya sarafu. Aliye na mali safi hatoona tabu.

Fremu iliyotengenezwa baada ya kuvunjika haikosi thamani. Kaboni hutengenezeka, na fundi anayejua hutumia kitambaa cha kaboni na epoksi, akafuata mwelekeo wa nyuzi. Tuna mafundi hodari wa faiba za boti, lakini faiba ya kioo na gundi ya boti ni kazi nyengine, na wao wenyewe waaminifu watakwambia hivyo. Bomba la nyuma lililotengenezwa na mtaalamu, lenye picha za kazi, naweza kulikubali kwa bei ndogo. Uma uliotengenezwa sikubali.

Je, unaihitaji?

Watu hununua kaboni kwa wepesi. Tufanye hesabu. Wewe kilo 70, baskeli 8.5, maji na vitu vyako 1.5, jumla 80. Fremu ya kaboni ikiipunguzia baskeli nusu kilo ukilinganisha na alumini nzuri, umepunguza kiasi cha asilimia 0.6 ya mzigo. Kwenye mlima wa dakika kumi hiyo ni chini ya sekunde nne. Na Unguja iko wapi milima ya dakika kumi? Mlima wetu ni upepo. Kusi ukivuma na wewe unakwenda Makunduchi, au kaskazi na wewe unakwenda Nungwi, nusu kilo haikusaidii kitu. Kinachokusaidia ni namna ulivyokaa juu ya baskeli na tairi nzuri. Pemba ni habari nyengine, barabara ya Chake kwenda Wete inapanda na kushuka, na ndugu zetu wa huko wepesi watauhisi kidogo zaidi.

Watu husema pia kaboni ni laini mgongoni. Zipo zilizo laini na zipo ngumu mno. Upana wa tairi na upepo uliojazwa vinaamua zaidi. Kwa barabara zetu, matuta, mchanga uliomwagika pembeni, lami iliyobomoka, fremu inayokubali tairi ya 28 nitaichagua mbele ya fremu nyepesi inayoishia 25.

Na fikiria maisha ya baskeli yako. Bomba la juu la fremu nyepesi linaweza kuwa na unene wa kiasi cha milimita moja tu. Halimpakii mtu, hata mtoto wa skuli. Halifungwi kamba juu ya daladala, kwa sababu utingo atakaza anavyokaza mzigo wa muhogo na bomba litapasuka bila wewe kuwa na wa kumlaumu. Kama baskeli yako ndiyo inayokupeleka sokoni, ikambeba mdogo wako na ikapanda gari mvua ikinyesha, kaa na alumini au chuma, na pesa iliyobaki nunua magurudumu na tairi. Nitakufungia kwa furaha.

Dhamana itizame kwa haraka: makampuni mengi humpa mnunuzi wa kwanza tu, kwa risiti, na gharama ya kuirudisha fremu nje inaweza kuwa yako. Kwa fremu ya mtumba hesabu kwamba dhamana haipo.

Basi mimi namwambia mtu achukue ikiwa fremu ni ya kampuni au kiwanda kinachouza kwa jina lake, vipimo viwili vinamkaa, nyumba ya beringi ni ya uzi au kranki yake inalingana nayo, magurudumu aliyonayo yanaingia, vipuri vya peke yake vimo kwenye boksi, na hesabu ya mwisho bado iko chini ya baskeli nzima ya alumini yenye vifaa vya daraja hilohilo, au imeizidi kwa kiasi anachokiridhia mwenyewe. Mara nyingi fremu inayotimiza haya ni ile ya breki za rimu ambayo wenzake wanaidharau.

Ikifika

Fungua boksi mbele ya aliyekuletea, piga picha kabla hujatia saini, na igonge kwa sarafu hata kama ni mpya, kwa sababu boksi huenda limedondoka njiani. Nguzo ya kiti usiipake grisi. Paka dawa ya kaboni, ile yenye chembechembe, inashika bila kukazwa sana. Kaza kwa spana yenye kipimo, kwa namba iliyoandikwa kwenye kibanio, ambayo mara nyingi ni kama niutoni-mita 5. Spana hiyo kama huna, njoo utumie yangu. Safari ya kwanza iwe fupi, Bububu na kurudi, halafu kagua boliti zote tena. Ukitoka pwani ioshe kwa maji matamu yasiyo na nguvu ya mpira wa bustani. Kishikio cha pili cha mkono wa gia kitie kwenye mfuko wa chini ya kiti pamoja na ufunguo wake, kwa sababu hicho ndicho kinachopinda baskeli ikianguka ubavu, na ukikivunja Kizimkazi hutopata pa kununua chengine.